Mbege Yetu, Moshi, Matunda na Sufuria ya Mwenzetu

(Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi, 2014 hadi 2024)

 

Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii ya leo tukiwa wazima. Pili, tunawashukuru ninyi nyote mliofunga safari na kuja kukaa na sisi chini ya migomba hii. Tulianza akina mama 17 mwaka 2014, tukiwa na daftari moja la kurasa 64 na sanduku lenye kufuli tatu. Leo tuko 34. Wenzetu wawili wametangulia mbele ya haki. Tunaomba tusimame kidogo tuwakumbuke.

Ahsanteni. Tukae.

Ndugu mgeni rasmi, tumesikia risala ya Katibu na hesabu za Mweka Hazina. Hatutazirudia. Kamati iliomba kwamba hotuba hii izungumzie jambo moja tu, nalo ni mbege. Hasa mbege nyeusi ya moshi na ile ya matunda, ambayo watu wa mjini wanaifuata hapa na kutuuliza siri yake. Basi leo tunaieleza, na iandikwe kwenye kitabu hiki, ili watoto wetu wasije wakasema mama zetu walikufa na ujuzi wao. Lakini ndani ya siri hiyo kuna kosa letu, na hilo nalo tutalisema.

Wageni wetu wanaweza kushangaa, kikundi cha akina mama kuzungumzia pombe mbele ya mchungaji na padri. Tunaomba mtuvumilie. Hapa Kilimanjaro mbege ni ya posa, ni ya harusi, ni ya msiba, ni ya kupatanisha waliogombana. Halafu kuna habari ya pesa. Baba zetu walikuwa na kahawa, na walikuwa na ushirika wao, KNCU, tangu mwaka 1933. Pesa ya kahawa ilikuwa ya baba. Mama alikuwa na ndizi, maziwa na mbege. Mwaka 1989 yale mapatano ya mataifa ya kugawana soko la kahawa yalipovunjika, bei ilianguka, na nyumba nyingi zikabaki zinaegemea kwenye kile kilichokuwa cha mama. Wengi wetu tuliokaa hapa tulisomeshwa kwa ndizi na mbege. Sisi wengine tuliishia darasa la saba, lakini tuliishia huko tukiwa tumevaa viatu.

Kwa hiyo tusione haya. Ila tuseme wazi: sisi hatupiki gongo. Ile inayoitwa moshi kwa jina lingine haimo katika kikundi hiki, sheria imeikataza na sisi tumeikataza. Moshi tunaouzungumza hapa ni moshi wa kuni.

SASA TUSEME JINSI INAVYOPIKWA

Wenzetu wa hapa wanajua, lakini kitabu kitasomwa na wengi. Mbege ina vitu vitatu: ndizi mbivu, kimea cha ulezi, na gome la msesewe. Ndizi tunazotumia zaidi ni ndizi ng'ombe, maana mchare tunauhifadhi kwa chakula. Ndizi zinaivishwa mpaka zilainike, zinamenywa, zinachemshwa na maji kwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi na kuwa nyekundu ya kahawia. Zinaachwa zipoe na zikae siku kadhaa zianze kuchachuka. Hiyo ndiyo nyalu. Upande wa pili, ulezi unaloweshwa, unafunikwa mahali penye giza siku tatu mpaka uchipue, unakaushwa, unasagwa, na unapikwa uji. Huo ndio mso. Nyalu inachujwa, inachanganywa na mso uliopoa, inawekwa gome la msesewe kwa kipimo, na baada ya usiku mmoja au siku mbili pombe iko tayari. Gome likizidi, pombe inakuwa chungu haimezeki, na mti ule ni dawa kali, si wa kuchezea. Anayepika kwa mara ya kwanza apimiwe na mzoefu.

Hiyo ndiyo mbege ya kawaida. Sasa ile nyeusi.

Mwanzoni tulidhani weusi unatoka kwenye moshi. Si kweli. Weusi unatoka kwenye moto, kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuchemsha ndizi kwa muda mrefu bila haraka, ukikoroga ili zisishike chini. Zikishika chini zinaungua, na ladha ya kuungua haitoki tena hata uweke nini. Njia ya pili ni kukaanga sehemu ya unga wa kimea kwenye kikaango kikavu mpaka uwe na rangi ya kahawa iliyokaangwa, na unukie vizuri. Lakini unga uliokaangwa umekufa nguvu. Kimea ndicho kinachogeuza uji kuwa mtamu, na moto unakiua. Kwa hiyo tunakaanga fungu moja tu kati ya manane. Wale waliokaanga nusu nzima walipata uji mzito usiochachuka vizuri, wakabaki wanaulizana ni mkono wa nani mbaya. Haikuwa mkono wa mtu, ilikuwa kikaango.

Moshi sasa. Bibi zetu walikuwa wanaivisha ndizi darini, juu ya jiko, na wengi tulidhani ladha ya moshi ilitoka hapo. Joto la dari na ule moshi vinafanya ndizi iive haraka, hilo ni kweli. Lakini moshi unakaa kwenye ganda, na ganda tunalitupa. Ladha ya moshi inaingia vizuri zaidi kwenye ulezi uliochipua, ukiwa bado una unyevu. Punje mbichi inanywa moshi, punje kavu inaupitisha tu. Tuliambiwa na mgeni mmoja kwamba hata Ujerumani, katika mji wa Bamberg, wanakausha shayiri iliyochipua kwa moshi wa kuni na kutengenezea bia nyeusi yenye harufu ya moshi, tangu zamani. Tulicheka sana. Kumbe bibi zetu na wazee wa huko wangeelewana bila mkalimani.

Kwa hiyo tunafanya hivi. Robo ya ulezi uliochipua tunaitandaza nyembamba kwenye ungo na kuuweka juu, mbali na moto. Chini tunaweka kuni zinazofuka, zisiwe na ndimi za moto. Ukiweka mkono kwenye ungo usikie vuguvugu tu, maana joto likizidi tumerudi kulekule kwa kimea kilichokufa. Usiku mmoja unatosha. Robo tatu zilizobaki tunazianika juani kama kawaida. Kuni bora kwetu ni matawi makavu ya mkahawa, yale yanayotoka wakati wa kupogoa, moshi wake ni mtamu na mwepesi. Mti wa msanduku haufai, una utomvu, unafanya pombe inuke kama dawa ya ubao. Mkaratusi nao unaleta harufu ya dawa ya kifua. Wazee wanatutania kwamba siku hizi akina mama wanakunywa kahawa kwa njia ya mbege. Sawa tu. Mkahawa ulisomesha watoto wa zamani kwa mbegu zake, sasa unasomesha hawa kwa kuni zake.

KOSA LETU

Ndugu wanachama, sasa tunafika pale penye uzito. Mwenzetu tunayemzungumzia yuko hapa, amekaa pamoja nasi, na ametupa ruhusa. Jina lake halitaandikwa.

Mwaka 2017 mwenzetu huyu alipata kazi ya harusi, debe kumi na mbili, na mwenye harusi akataka ile ya moshi. Alikopa kikundini shilingi 150,000 za ulezi na ndizi. Zilikuwa siku za mvua nyingi. Kuni za mkahawa zilikuwa zimelowa, haziwaki. Akachukua vibao vya dirisha la zamani, vyenye rangi, akawashia moto kwa vipande vya plastiki kama tunavyofanya sote tukiwa na haraka. Usiku kucha ulezi ukanywa moshi ule.

Siku ya harusi watu walionja wakaweka kata chini. Harufu ilikuwa ya rangi na plastiki iliyoungua. Wawili watatu walilalamika kichwa. Mwenye harusi alikataa kulipa, na alikuwa na haki. Debe kumi na mbili zilimwagwa shimoni, na mama huyu akarudi nyumbani na mapipa matupu na deni.

Sisi tulifanya nini? Jamani, tuseme ukweli. Tulikaa kikao, tukafungua katiba, tukasoma kifungu cha dhamana. Alikuwa ameweka dhamana sufuria yake kubwa ya debe tano. Tukaenda watu wanne, tukaichukua. Hakuna aliyemuuliza amekula nini siku ile. Wengine tulisema maneno, eti amelichafulia jina kikundi, eti ni tamaa. Na wengine tuliosema hivyo tulikuwa tumewashia moto kwa plastiki wiki ileile.

Sufuria ikakaa nyumbani kwa Mweka Hazina, imefunikwa gunia. Hatukuiuza, maana kila aliyetaka kuinunua aliona aibu. Mwenzetu bila sufuria hakupika tena. Bila kupika hakuweza kulipa. Basi deni likakaa, sufuria ikakaa, na yeye akawa anapita njia ya nyuma asikutane na sisi. Miaka miwili. Mtoto wake wa pili aliacha shule kidato cha pili. Hilo hatuwezi kulirudisha, na leo tunalisema mbele ya watu kwa sababu yeye alilibeba peke yake wakati sisi tukiendelea kugawana faida.

Mwaka 2019, tulipokuwa tunapitia vitabu ili kuandikisha kikundi kwa ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, tulikuta jina lake bado lina deni lilelile. Mwanachama mmoja, mdogo kuliko sisi wote, akauliza: "Tulichukua sufuria ili alipe, au ili asilipe?" Kikao kizima kilinyamaza. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Jioni ileile tuliibeba sufuria, watu wanne walewale, tukamrudishia. Hakutukaribisha ndani. Alisema tu, "Iwekeni hapo." Tuliiweka. Baada ya wiki tatu akatuma mtoto aje kuomba kuni kavu za mkahawa. Tulipeleka mizigo miwili. Alilipa deni lote kwa miezi kumi na minne, na leo ndiye anayefundisha wanachama wapya kazi ya moshi, maana hakuna anayeujua ubaya wa moshi kumzidi.

Mama yetu, tulikuomba radhi kwenye kikao. Leo tunakuomba radhi mbele ya kijiji.

Tangu hapo tuliweka masharti matatu. La kwanza, chombo cha kazi hakiwekwi dhamana, iwe sufuria, iwe jembe, iwe cherehani. La pili, kila mwanachama anaweka mzigo mmoja wa kuni kavu katika ghala la kikundi wakati wa kiangazi, ili mvua isimlazimishe mtu kuchoma takataka. La tatu, hakuna plastiki, hakuna mbao zenye rangi wala dawa, hakuna mpira karibu na kimea, hata vya kuwashia tu. Na mbege ikiharibika, mwenye hasara anasikilizwa kwanza kabla katiba haijafunguliwa.

HABARI YA MATUNDA

Hii ilikuja baadaye, ililetwa na mabinti zetu. Walisema mbege ikiwekwa matunda vijana wa mjini wataipenda. Tulijaribu, tukajifunza kwa hasara kidogo kidogo.

Jaribio la kwanza tulichemsha maembe pamoja na ndizi. Harufu yote ilipanda na mvuke, majirani wakanukiwa, sisi kwenye kata hatukupata kitu. Kwa hiyo matunda yanaingia mwisho, nyalu na mso vikishachanganywa na kuanza kuchemka vyenyewe, siku ya pili. Matunda yaoshwe, yamenywe, yaliyooza yatupwe bila huruma. Nyama yake ipashwe moto bila kuchemka, ipoe kabisa, ndipo iingie. Kilo mbili kwa debe moja zinatosha.

Pasheni ina harufu nzuri, lakini mbege tayari ina uchachu wake, na ukiweka pasheni nyingi inakuwa kama siki. Papai halionekani kabisa. Nanasi ni zuri kwa mbege ya kawaida. Kwa ile nyeusi ya moshi, tulilolipenda ni zambarau, msimu wake unapofika. Zambarau ina utamu na ule ukakasi unaokaza ulimi, inasimama na moshi bila kugombana. Embe lililoiva sana nalo linafaa. Pasheni na moshi havipatani, msijisumbue.

Kuna hatari mbili. Matunda yana sukari, na sukari inaendelea kuchachuka hata ukishachuja. Mwanachama mmoja alijaza dumu akafunga kifuniko kwa nguvu apeleke mjini. Ndani ya basi dumu lilivimba kama mimba ya miezi tisa, kisha kifuniko kikaruka, abiria wakaoga zambarau. Tulilipa kufuliwa kwa shati la kondakta. Kifuniko kilegezwe, dumu lisijazwe, na mbege inywewe mapema, maana siku mbili tatu inakuwa kali na chachu.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi, na hapa tunawaomba akina mama mtusikilize. Hiyo sukari inayochachuka inageuka kilevi. Mbege ya matunda ni tamu, na mnywaji anadhani ni juisi. Mwaka jana mfanyabiashara mmoja alikuja akataka tumpe debe ishirini kila wiki, tamu zaidi, rangi zaidi, aziweke kwenye chupa ndogo na kuziuza stendi. Pesa ilikuwa nzuri, hatutadanganya. Kikao kilichukua saa nne. Wengine walisema, tusipomuuzia sisi atapata kwingine. Ni kweli, na pengine ameshapata. Lakini tulijiuliza, pale stendi asubuhi wanaopita ni akina nani? Ni watoto wetu wakienda shule. Tulipiga kura kwa mikono, 19 wakakataa, 11 wakakubali. Wale 11 hawakuwa wabaya, walikuwa na ada za kulipa. Ndiyo maana kikao hichohicho kilipitisha mkopo wa ada usio na riba. Ukimwambia mwenzako aache pesa, umsaidie kubeba pengo lake.

Kwa hiyo mbege ya matunda tunaipika kwa sherehe tu, kwa mtu mzima aliyeagiza, siku ya pili yake inaisha. Hatuuzi kwa mtoto wala kwa mtoto aliyetumwa. Mama mjamzito anapewa uji, tena mtamu. Na mume wa mwanachama akizidi kunywa, tumekubaliana kutomwongezea, hata kama ana pesa mkononi. Wapo waume wawili hapa walikasirika sana mwanzoni. Leo wamebeba viti tulivyokalia, tunawashukuru.

Ndugu mgeni rasmi, tusikuchoshe. Maombi yetu ni madogo. Tunaomba miche ya miti ya kuni, maana mikahawa mingi imeng'olewa na kuni za moshi mzuri zinapungua. Tunaomba pia kupatiwa mtaalamu wa afya atufundishe usafi wa vyombo, na tunaahidi kuhudhuria wote, hata wale wanaojiona wanajua.

Kwenu wanachama, miaka kumi imepita. Sanduku bado lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na ziendelee hivyo. Mbege ya leo ipo pale chini ya mringaringa. Debe mbili ni za kawaida, moja ni nyeusi ya moshi. Kwa wasiokunywa kuna togwa na chai. Ile nyeusi imepikwa na mwenzetu, katika sufuria ileile. Kwa desturi yetu mpishi ndiye anayeonja kwanza, kwa hiyo tunamwomba asogee mbele achukue kata, ndipo na sisi tufuate.

 Kikundi chetu kidumu!